Medali za mwanzo za Marekani au chapa za majaribio: ukusanye zipi?

Tuseme umeweka kando dola 500, historia ya Marekani ya enzi za kina Washington na Franklin inakuvutia, na umechoka kukusanya sarafu ambazo kila mtu anazo. Mbele yako kuna njia mbili. Ya kwanza ni medali za ukumbusho: vipande vikubwa, vizito, vilivyotengenezwa kumheshimu mtu au tukio, ambavyo havikuwa pesa hata siku moja. Ya pili ni chapa za majaribio: vipande vilivyogongwa kiwandani ili kuona kama mchoro unafaa, kama chuma cha chapa, kile chenye mchoro kinachogongwa juu ya madini, kiko sawa, au kama madini fulani yanaweza kuwa pesa. Wauzaji huviweka meza moja na katalogi moja ya mnada, kwa hiyo mgeni hudhani ni ukoo mmoja. Sivyo. Kila kundi lina namna yake ya kudanganya macho na kasi yake ya kumaliza pesa.

Nitasema mapema ninakoegemea: anayeanza aende kwenye medali. Bei ina neno lake hapo, lakini sababu kubwa ni kwamba medali unaweza kuihoji mwenyewe ukiwa na lenzi na taa. Chapa ya majaribio inakulazimisha uamini karatasi za watu wengine.

Medali: hadithi iko usoni

Tarehe 25 Machi 1776, Bunge la makoloni yaliyokuwa yameasi liliagiza medali ya dhahabu kwa ajili ya George Washington, kwa kuwaondoa Waingereza mjini Boston. Azimio la Uhuru lilikuwa bado halijapitishwa. Nchi haijazaliwa, tayari inatoa medali! Shida ni kwamba hapakuwa na kiwanda wala mchongaji wa kuifanya kazi hiyo, na hatimaye ikaenda Paris. Mchongaji Duvivier akachonga ya Washington. Augustin Dupré akachonga za majenerali Nathanael Greene na Daniel Morgan na ya nahodha wa meli John Paul Jones. Nicolas Gatteaux akachukua za majenerali Horatio Gates na Anthony Wayne. Washington aliipokea yake mwaka 1790, miaka 14 baada ya kuagizwa, na leo iko Boston Public Library.

Katika kundi hili wakusanyaji wengi wangechagua ile isiyoagizwa na Bunge lolote. Libertas Americana lilikuwa wazo la Benjamin Franklin mwenyewe alipokuwa balozi Ufaransa. Dupré aliichonga na ikatoka mwaka 1783. Ina upana wa kama milimita 48. Upande wa kichwa kuna msichana Uhuru, nywele zimepeperuka nyuma kama anayekimbia, na nyuma ya bega lake kuna fimbo yenye kofia ya watumwa waliokombolewa. Chini imeandikwa tarehe 4 Julai 1776 kwa Kifaransa. Geuza. Mtoto Hercules anakaba nyoka wawili, mmoja kila mkono. Nyoka hao ni majeshi mawili ya Uingereza yaliyosalimu amri, la Saratoga na la Yorktown, na tarehe zao ziko chini: 17 Oktoba 1777 na 19 Oktoba 1781. Simba wa Uingereza anamrukia mtoto, lakini mungu wa kike Minerva amesimama katikati na ngao yenye maua ya yungiyungi, alama ya ufalme wa Ufaransa. Huhitaji kitabu kujua nani alimsaidia nani vitani. Franklin aliwapa Mfalme Louis XVI na Malkia Marie Antoinette za dhahabu, na hizo mbili hazijulikani ziliko mpaka leo. Wengine walipewa za fedha, na nyingi zaidi zilikuwa za shaba nyekundu. Wachongaji wa sarafu za kwanza za Marekani waliuchukua uso ule na kuutumia kwenye senti na nusu senti za 1793.

Zipo pia zilizotengenezwa Marekani kwenyewe, na hizi nazipenda kwa ukali wake. Washington alifariki Desemba 1799. Jacob Perkins wa Newburyport, Massachusetts, akagonga medali ndogo za msiba zenye maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba yeye yuko katika utukufu na dunia iko katika machozi. Watu wa Boston walizivaa kwenye maandamano ya maombolezo ya tarehe 22 Februari 1800, kwa hiyo nyingi zimetobolewa juu. Mkusanyaji wa sarafu akiona tundu hukimbia. Hapa tundu ndilo linalokuambia kwamba kitu hiki kilining'inia kifuani mwa mtu siku ile, na bei haiporomoki kama ingekuwa sarafu.

Chapa za majaribio: hadithi iko kwenye barua

Sheria ya kuanzisha kiwanda cha sarafu cha Marekani ilipita tarehe 2 Aprili 1792. Swali la kwanza lililowasumbua lilikuwa dogo kwa thamani na kubwa kwa umbo: senti. Senti yenye shaba ya thamani ya senti nzima ingekuwa nzito na pana mno. Fundi mkuu Henry Voigt akajaribu hivi. Alichukua kipande kidogo cha shaba, akakitoboa katikati, akasukumia kizibo cha fedha, kisha akakigonga kwa chapa. Fedha ile ikabonyea na kushika kingo za tundu. Thamani ya fedha ilikuwa robo tatu ya senti na ya shaba robo. Desemba 1792 Thomas Jefferson alimpelekea Washington sampuli pamoja na barua ya kueleza jaribio hilo. Ukiitazama leo unaona duara dogo jeupe katikati ya kahawia, dogo kuliko ungalivyotarajia. Zilizosalia ni chache sana, na haikuwahi kuwa pesa ya kutumika.

Mwaka huohuo ikaja senti kubwa ya majaribio ya mchongaji Birch, na robo dola ya Joseph Wright ambayo kwa shaba zinajulikana mbili tu. Mwaka 2015 senti moja ya Birch iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.5, na robo ya Wright ya shaba kwa zaidi ya milioni 2.2. Wright huyu ndiye aliyechonga pia medali ya Henry Lee, shujaa mwingine wa vita vile, ambayo chapa yake ilipasuka. Alifariki kwa homa ya manjano Philadelphia mwaka 1793. Mkono mmoja, meza zote mbili. Pengine ndiyo maana wauzaji huzichanganya.

Neno «majaribio» linabeba vitu vitatu, na muuzaji mjanja hatakukumbusha tofauti. Kuna mchoro mpya uliopendekezwa, kama hiyo senti ya kizibo. Kuna chapa ya kupimia chuma ambacho uchongaji haujaisha, pengine upande mmoja tu. Na kuna mchoro wa kawaida kabisa uliogongwa kwenye madini yasiyo yake, mathalani dola ya fedha kwa shaba au alumini. Ya tatu hii mara nyingi haikuwa jaribio la kitu chochote. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wenye marafiki kiwandani.

Kwangu ya pili ndiyo inayogusa zaidi. Mchongaji hakutaka kuharibu fedha wala kuchosha chuma kabla hajamaliza kazi, kama fundi cherehani anayekata kwanza kwenye kitambaa cha bei poa. Aliyeyusha bati, au bati na risasi, akalimwaga juu ya karatasi, na lilipoanza kuganda akabonyezea chuma chake. Matokeo yake ni ngozi nyembamba ya madini yenye sura upande mmoja. Nyuma yake hubaki karatasi iliyonata, wakati mwingine ya gazeti, maneno yakisomeka. Dupré naye alifanya hivi Paris, na majaribio yake ya bati ya Libertas Americana yapo. Hapo ndipo njia mbili zinapokutana hasa: jaribio la medali.

Mwaka ulioandikwa na mwaka wa kugongwa

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Riale ya Maria Theresa iliyozunguka Zanzibar, Maskati na Uhabeshi iliandikwa 1780 na ikaendelea kugongwa na mwaka uleule kwa zaidi ya karne nzima. Wamarekani nao wana ya kwao, na sisi tumo ndani yake. Mwaka 1834 serikali yao iliandaa seti za sarafu za zawadi ambazo mjumbe Edmund Roberts alizibeba kwenda mashariki. Moja ilikuwa ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar, ambaye Roberts alikuwa ameshatia naye saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Ndani yake kulikuwa na dola ya fedha iliyoandikwa 1804, ingawa iligongwa kwa ajili ya safari ile. Dola inayoaminika kuwa ndiyo ya Sayyid Said iliuzwa mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1850, kiwandani humohumo Philadelphia zikagongwa nyingine za 1804 kimyakimya, kwa ajili ya wakusanyaji.

Sasa linganisha jinsi kila upande unavyokuonyesha umri wake, maana hapa ndipo medali inaposhinda.

Kiwanda cha Paris kilizigonga upya medali za mashujaa wa Marekani katika karne yote ya 19 na baadaye, kwanza kwa chapa za zamani, kisha kwa mpya. Lakini Wafaransa ni watu wa kuandika. Kuanzia 1832 walitia alama ndogo ukingoni. Shika medali wima chini ya taa, izungushe taratibu. Taa ya kale ni 1832 hadi 1841. Nanga yenye herufi C ni 1841 hadi 1842. Pua ya meli ni 1842 hadi 1845. Mkono unaonyoosha kidole ni 1845 hadi 1860. Nyuki ni 1860 hadi mwisho wa 1879. Pembe ya neema ni kuanzia 1880. Kando yake kuna jina la madini, CUIVRE kwa shaba nyekundu, au BRONZE. Ukingo mtupu usio na kitu unaweza kuwa wa kabla ya 1832, au ni nakala ya mahali pengine, na hapo ndipo kazi ya lenzi inapoanza. Mtu akikuuzia medali yenye nyuki kwa bei ya «asili ya 1789», mshukuru na uondoke.

Chapa za majaribio hazina ukarimu huo. James Ross Snowden alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha Marekani kuanzia 1853 hadi 1861, na alikuwa na ndoto moja: kukusanya medali za Washington kwa ajili ya kiwanda. Alizipata vipi? Aligonga upya vipande vya majaribio na sarafu adimu, akavibadilisha na wakusanyaji kwa medali zao. Chumba chake cha medali za Washington kilizinduliwa tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa ya shujaa wake. Kwa maneno mengine, mkuu wa kiwanda mwenyewe aliona medali ndiyo mali na chapa za majaribio ndiyo chenji. Henry Linderman, aliyekuja baadaye, hakuwa mkali zaidi, na ni hadi 1887 ndipo utaratibu ulipobanwa. Kwa hiyo kipande cha 1836 kinaweza kuwa cha 1836, au cha 1859, na hakuna nyuki wala nanga ya kukuambia. Wataalamu huangalia uzito, mwelekeo wa pande mbili, na nyufa za chapa: ufa ulioanza kwenye kipande chenye mwaka wa baadaye ukionekana pia kwenye kipande chenye mwaka wa mapema, basi hicho cha mwaka wa mapema kiligongwa baada ya ufa kuanza. Ni kazi tamu kwa mwenye muda. Kwa mgeni ni giza.

Bei

Ngazi ya medali ina vidato vingi. Chini kabisa kuna za shaba ya njano zilizogongwa na kiwanda cha Marekani karne ya 20 na kuuzwa kwa umma. Hizi ni makumi ya dola, na mara nyingi ni nzuri kutazama kuliko thamani yake. Juu yake kuna za Paris za karne ya 19, mamia ya dola kulingana na mtu na hali yake. John Paul Jones na meli zake huvuta watu wengi. Libertas Americana halisi ya shaba ni elfu nyingi, na ya fedha ni bei ya nyumba. Juu angani kuna dhahabu. Medali ya dhahabu ya Daniel Morgan iliibwa kwenye benki mjini Pittsburgh mwaka 1818, Bunge likaidhinisha nyingine, na hiyo ya pili ikauzwa mwaka 2022 kwa dola 960,000. Badala ya asili, na bado karibu milioni!

Ngazi ya majaribio huanzia katikati. Vya 1792 visahau, isipokuwa kwenye vioo vya makumbusho. Vya kawaida zaidi ni vya miaka ya 1858 na 1859, kiwanda kilipokuwa kinatafuta senti ndogo mpya. Senti ya 1859 yenye shada la mwaloni na ngao, ambayo wauzaji huiita Judd 228 (namba yake kwenye kitabu cha Judd cha chapa za majaribio), inapatikana mara kwa mara, lakini andaa kama dola elfu moja na zaidi kwa iliyo safi. Kwa dola 500 utapata iliyokwaruzwa, au hutapata.

Pande zote mbili, kumbuka ada ya mnunuzi kwenye mnada, ambayo katika nyumba kubwa za Marekani huzunguka asilimia 20. Ukiagiza hadi Dar au Mombasa ongeza usafiri, bima na ushuru kabla hujabonyeza kitufe.

Nakala

Medali huigwa zaidi kwa idadi, chapa za majaribio huigwa zaidi kwa makusudi mabaya. Karne ya 19 wakusanyaji walitengeneza nakala kwa kuotesha shaba ndani ya ukungu kwa umeme, kisha kuunganisha pande mbili. Dalili zake ni mstari wa maungio ukingoni, uzito usiolingana, na mlio butu ukiigonga kidogo kwa kucha. Nakala za namna hiyo zimo kwenye makundi yote mawili.

Ila kipande kinachostahili aya yake ni kile cha bati kilichoandikwa CONTINENTAL CURRENCY na mwaka 1776, chenye saa ya jua upande mmoja na mnyororo wa pete 13 upande wa pili. Kwa zaidi ya karne kiliuzwa kama dola ya kwanza ya majaribio ya Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 umeonyesha kwamba kuna sababu nzito za kuamini kilitengenezwa Ulaya karibu na 1783, kiuzwe kama medali ya kumbukumbu. Umbo lilelile, bati lilelile, kimehama meza. Walionunua kwa jina la «dola ya kwanza» wanalo jambo la kutafakari, na hatari ya aina hiyo iko zaidi upande wa majaribio, ambako thamani imeegemea maelezo kuliko kitu chenyewe. Nakala za kisasa za kipande hiki ni nyingi mno, laini na nyepesi, na hupatikana ndani ya makopo ya vitu vya zamani kila kona. Ukiiona kwa dola 20, ni ya dola 2.

Sheria na dhamiri

Upande wa majaribio, vya zamani havisumbui. Kuwa mwangalifu na vya kisasa: serikali ya Marekani inahesabu senti za alumini za 1974 kuwa mali yake, na ile ya Denver iliyojitokeza ilirudishwa mwaka 2016 baada ya kesi.

Upande wa medali kuna kundi moja ambalo mimi siligusi likiwa la fedha na halisi: medali za amani walizopewa machifu wa mataifa ya wenyeji. Za Washington zilichorwa kwa mkono juu ya bamba la fedha. Za Jefferson, zenye mwaka 1801, zilikuwa pana, na kwa kuwa mashine hazikuwa na nguvu ya kugonga kipande kipana hivyo, walitengeneza maganda mawili membamba na kuyafunga kwa pete ya fedha. Wapelelezi Lewis na Clark walizibeba hadi pwani ya Pasifiki. Baadhi zilizikwa na wenyewe. Medali ya chifu Red Jacket, ya 1792, ilikaa makumbusho ya Buffalo hadi iliporudishwa kwa Waseneca mwaka 2021. Za shaba, zilizogongwa na kiwanda kwa ajili ya kuuza, hazina tatizo hilo. Mikono miwili inayopeana na shoka la vita juu yake zinatosha kabisa kabatini.

Kwa hizo dola 500

Utunzaji unafanana: usisugue, usitumie mifuko laini ya plastiki inayotoa mafuta, na vya bati viweke mbali na baridi kali na unyevu. Rangi ya kahawia ya mti wa mahogani kwenye medali za shaba za karne ya 19 ilitiwa kiwandani, ukiing'arisha umeifuta.

Ningechukua John Paul Jones wa Paris mwenye mkono au nyuki ukingoni, halafu medali moja ya amani ya shaba, na pesa zinazobaki zinunue lenzi ya mara kumi na mizani ya kupima sehemu za gramu. Kama moyo wako uko kwenye majaribio na hautaki kugeuka, usinunue chochote mwaka huu. Jaza kibubu mpaka kifike 1,500, ukiwa unasoma matokeo ya minada ya zamani ya kipande kimoja tu, hadi uweze kukisia bei kabla ya kuiona. Kisha tafuta kilichopimwa na NGC au PCGS, kampuni za kuthibitisha na kupima hali ya sarafu, na umwombe muuzaji picha ya pande zote mbili, ukingo na uzito. Kwa medali, ya ukingo ndiyo ya kuomba kwanza.